KAZI MPYA TUIPOKEE VIPI?

Maneno aliyosema ndugu mmoja wa Relwe, fundi wa simu na ishara, katika mkutano wa wanachama wa Bungoma na Kitale

Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilisoma shule ya misheni mpaka mwisho wa shule ya msingi, karo ikakosekana, nikaingia kazi katika genge la njia nikiwa na sururu mkononi. Baadaye niliwekwa chini ya fundi wa simu, nikambebea mfuko wa vyombo miaka kadhaa mpaka na mimi nikajua kazi. Kwa hiyo maneno yangu ni ya fundi, si ya mwanasheria. Nikikosea mnisahihishe.

Jambo lililotukutanisha mnalijua. Tumearifiwa kwamba mafundi wa simu na ishara watatiwa katika kikosi kimoja pamoja na mafundi wa kompyuta. Mkubwa atakuwa mmoja, zamu itakuwa moja, na orodha ya kazi itakuwa moja. Tangu habari hizo zifike, watu wengi hawalali vizuri. Wengine wanasema tukatae kabisa. Wengine wanasema tunyamaze, maana wakubwa wamekwisha amua. Mwenyekiti ametaka maoni yetu kabla kamati haijakwenda kuonana na utawala.

Mimi nasema njia zote mbili zitatuumiza. Tukikataa kabisa, kazi mpya itafanywa na watu wengine. Tukinyamaza, tutaifanya sisi lakini kwa masharti ya watu wengine. Shauri langu ni kwamba tuipokee, lakini tuipokee kwa mapatano yaliyoandikwa, na yaandikwe kabla ya siku ya kuanza. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Ndugu zangu, hii si mara ya kwanza kwa watu wa Relwe kuona kazi ikigeuka. Njia yetu hii kuu ilipita Eldoret mwaka 1924 ikaendelea mpaka Uganda, na tawi la Kitale, linaloanzia Leseru, lilifika mwaka 1926. Watu waliofanya kazi katika njia hizi waliona mabadiliko mengi. Mwaka 1948 Relwe ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika, na mwaka uliofuata Kenya ikawa na shirika lake. Mwaka 2006 kazi ikapewa kampuni binafsi kwa mkataba uliokusudiwa kuwa wa miaka 25, na mkataba huo ukaisha mwaka 2017. Kila mara vibao viligeuzwa, na kila mara walikuwapo watu waliobaki kazini na watu walioachwa njiani.

Lakini badiliko linalofanana zaidi na hili letu ni lile la injini za moshi na injini za dizeli.

Wazee waliopo hapa wanazikumbuka Garati kubwa za daraja la 59. Zilikuwa 34, zikajengwa Manchester, Uingereza, zikaletwa miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima. Injini moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Hakuna injini ya moshi ya reli za mita moja iliyokuwa na nguvu kuzipita. Atakaye kuiona moja aende kwenye makumbusho ya reli Nairobi, imesimama pale mpaka leo.

Basi babu yangu, baba yake mama, alikuwa faimani katika injini za moshi. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto wa mafuta, kuangalia maji katika boila, na kuhakikisha kwamba nguvu ya mvuke haipungui wakati wa kupanda kwenda Timboroa, mahali palipo juu zaidi ya futi 9,000. Alijua kwa kusikiliza tu kama moto unawaka vizuri. Mlio ukigeuka kidogo, mkono wake ulikuwa umekwisha fika kwenye vavu kabla dreva hajasema neno. Ujuzi huo haukuandikwa katika kitabu.

Mwaka 1960 zikaja injini za dizeli za English Electric. Watu wengi wa moshi walizicheka. Walisema kitu kisicho na moto hakiwezi kupanda mlima. Lakini kilipanda. Na tuangalie vizuri kilicholetwa na injini hizo. Injini ya moshi huwashwa saa nyingi kabla ya safari, husimama njiani kunywa maji, na boila yake lazima ioshwe mara kwa mara. Dizeli haitaki mambo hayo. Kwa hiyo kazi ya faimani, ya mwasha moto, ya muosha boila na ya mpiga pampu ya maji ilianza kuondoka. Haikuondoka kwa sababu watu wale walikuwa wavivu. Iliondoka kwa sababu moto wenyewe uliondoka.

Upande wa pili kazi nyingine ikaja. Katika injini ya dizeli, mashine huzungusha jenereta, na umeme wa jenereta ndio unaozungusha mota za magurudumu. Kwa hiyo shedi zilitaka mafundi wa umeme, na mafundi wa kufungua mashine ya dizeli na kuifunga tena. Lakini magurudumu yalikuwa yale yale, breki zilikuwa zile zile, reli ilikuwa ile ile, na mlima wa Timboroa haukupungua hata futi moja. Fundi wa breki aliyejua kazi yake zamani za moshi alihitajiwa vile vile zamani za dizeli. Tukumbuke jambo hili: kazi haikufa yote, wala haikubaki yote. Sehemu ilikufa, sehemu ilibaki, na sehemu ikaongezeka.

Babu yangu alipata nafasi ya kwenda kujifunza dizeli. Hakwenda. Aliniambia mwenyewe nilipokuwa mtoto. Mwalimu alikuwa kijana mdogo mwenye shati safi, na masomo yalikuwa ya kusoma na kuandika, na babu kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Akawaambia wenzake kwamba yeye ni mtu wa moshi na atakufa mtu wa moshi. Rafiki yake aliyekuwa faimani kama yeye, na ambaye hakumzidi kwa elimu, alikwenda, akashindwa mara ya kwanza, akarudi tena, akafaulu, akaendesha dizeli mpaka alipostaafu. Babu alimaliza kazi yake akifuta injini kwa matambara. Akaniambia, “Mjukuu wangu, si dizeli iliyonishinda. Ni haya.”

Nimeyataja hayo mbele yenu kwa sababu najua haya hiyo imo humu chumbani. Wako watu hapa waliofunga nyaya kwa miaka 20, na leo wanaogopa kugusa kompyuta mbele ya kijana aliyeajiriwa juzi. Hawaogopi kazi, wanaogopa kuchekwa. Na mimi nilikuwa mmoja wao, tena nilifanya jambo baya zaidi kuliko babu.

Miaka michache iliyopita tuliletewa dada mmoja kijana, mwenye cheti cha kompyuta, afanye kazi nasi. Nilikuwa na daftari langu ambalo nimeandika mahali pote waya za chini ya ardhi zilipoungwa katika kipande chetu: nguzo fulani, hatua kadhaa kutoka kwenye mti fulani, chini ya kalvati fulani. Dada yule aliniomba daftari hilo alitie katika kompyuta. Nilimwambia limepotea. Ndugu zangu, halikupotea. Lilikuwa ndani ya koti langu. Niliwaza hivi: siku nitakapompa daftari hili, mimi nitakuwa mtu bure, hawatanihitaji tena.

Mvua za masika zikaja. Mimi nilikuwa nyumbani kwa matanga ya shangazi yangu, na simu yangu haikushika mtandao. Waya ukaharibika mahali. Wenzangu walichimba siku mbili katika matope, shimo baada ya shimo, wakitafuta muungo ambao mimi ningaliwaonyesha kwa nusu saa. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa mgongo. Niliporudi nilimkuta amelala, hawezi kuinuka. Dada yule hakunisema kwa mtu ye yote, ingawa nadhani alijua. Aliniuliza tu, “Fundi, lile daftari limeonekana?” Nilimpa siku ile ile.

Naye akanifundisha chombo chake. Chombo hicho hutupa ishara ndani ya waya, na ishara ikifika mahali palipokatika hurudi, na kutokana na muda wa kurudi kwake chombo hukuambia ni mita ngapi mpaka kwenye kasoro. Lakini sikilizeni: chombo hupima urefu wa waya, hakijui waya ulipitia wapi. Kikisema mita 640, ni nani anayejua kwamba waya umezunguka kalvati na kwamba mita hizo zinaishia upande wa pili wa njia? Ni daftari langu. Chombo chake bila daftari langu kilikuwa kinatuchimbisha mahali pasipo penyewe. Daftari langu bila chombo chake lilikuwa linatuchimbisha kila muungo, mmoja baada ya mmoja. Tulipoviweka pamoja tulichimba shimo moja. Tangu siku hiyo sikuona tena kwamba kuunganishwa ni kunyang'anywa.

Hapo ndipo wale wanaosema tukatae kabisa watakaponiuliza: je, na chama kina kazi gani basi, kama ni kukubali tu? Nawaheshimu. Chama cha Waafrika wa Relwe hakikujengwa na watu wa kukubali kila kitu. Wafanya kazi wa Mombasa waligoma Januari 1947, na watu wa Relwe wakiwemo. Novemba 1959 chama cha Waafrika wa Relwe katika Kenya kiligoma. Heshima tuliyo nayo haikuletwa na mtu kwa hisani yake.

Lakini tuchague mahali pa kupigania. Nitawapa mfano wa mbali. Nchini Kanada, mwezi wa Januari 1957, mafaimani wa Canadian Pacific waligoma kwa sababu kampuni ilitaka kuwaondoa katika injini za dizeli za mizigo na za kupanga mabehewa. Mgomo ulisimamisha reli siku tisa. Serikali ikaweka tume ya jaji, na tume ikasema mwaka 1958 kwamba faimani hahitajiwi katika injini hizo. Mwaka huo huo wakagoma tena, na siku tatu baadaye mgomo ukaisha. Juu ya swali la kama dizeli inahitaji mtu wa moto, walishindwa, maana moto haukuwamo. Lakini juu ya swali la watu waliokuwa kazini tangu zamani, walipata kitu: wale wa zamani walilindwa, na kampuni ikapunguza kazi hiyo kwa kutoandika wapya. Tazameni tofauti. Walipoipigania kazi ya moto walikosa. Walipowapigania watu walipata.

Sasa niwaambie na wale wanaosema tunyamaze. Shemeji yangu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja upande huu wetu wa magharibi. Stoo yao ikaunganishwa na ofisi ya kompyuta. Wakaambiwa kwa mdomo kwamba mambo ya mshahara yatatazamwa baadaye. Wakakubali kwa moyo mweupe. Karani mmoja akaondoka, hakuandikwa mwingine, na shemeji akafanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja. Alipodai, akaulizwa iko wapi barua. Hakuna barua. Hiyo “baadaye” hajaiona mpaka leo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nia njema inatosha. Nia njema iandikwe na itiwe sahihi.

Basi naomba kamati yetu iende kwa utawala na mambo manne.

La kwanza ni mafunzo. Mafunzo yawe kabla ya kuanza kikosi kipya, yawe katika saa za kazi, na mtu alipwe mshahara wake akijifunza. Yafanywe kwa vitendo, na yaelezwe kwa Kiswahili kwa wale ambao Kiingereza chao ni kidogo. Relwe ina chuo chake Nairobi tangu mwaka 1956, kwa hiyo kufundisha watu si jambo geni kwetu. Na mtu akishindwa mara ya kwanza apewe nafasi ya pili, kama rafiki ya babu yangu alivyopewa.

La pili ni barua. Kila mtu apewe barua inayosema cheo chake kipya, daraja lake, mshahara wake, zamu zake, na mkubwa wake ni nani. Hili si kuomba hisani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inasema kwamba mambo ya mkataba yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanya kazi na amjulishe kwa maandishi.

La tatu ni habari ya watu kupunguzwa. Mtu akituahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa, aiandike ahadi hiyo. Na ikiwa watapunguzwa, kifungu cha 40 cha sheria hiyo hiyo kinasema chama na ofisa wa kazi wapewe habari si chini ya mwezi mmoja kabla, pamoja na sababu na idadi. Uchaguzi wa nani aondoke utazame muda wa mtu kazini, na pia ujuzi wake na uaminifu wake. Na anayeondoka alipwe kwa kila mwaka aliomaliza si chini ya mshahara wa siku 15. Wazee wanakumbuka jinsi wenzetu wengi walivyoondoka wakati wa mambo ya mwaka 2006. Wako walioondoka bila kujua hata sheria inawapa nini. Sisi tusiwe hivyo.

La nne ni kutazama tena. Baada ya miezi sita kamati na utawala wakae pamoja, waulize: kazi inakwenda vizuri? Nani amelemewa? Zamu zinawafaa watu wa Kitale, walio katika tawi, mbali na njia kuu? Ndugu zetu wa Kitale wanajua vizuri jinsi tawi linavyoweza kusahauliwa. Wameona majani yakiota kati ya reli. Wasisahauliwe tena katika karatasi hii.

Hayo ndiyo tutakayowaomba wakubwa. Lakini na sisi tuna madeni yetu. Mwenye daftari ndani ya koti alitoe. Mwenye kujua kompyuta asimcheke asiyejua, na mwenye mvi asimwite kijana mtoto mbele ya watu. Tukianza kuhesabiana nani ametoka kabila gani, nani amesoma na nani hakusoma, mapatano yote niliyoyataja yatakuwa karatasi tupu, maana utawala utaongea na kila kundi mbali mbali.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuwadanganya wanachama. Siwezi kuahidi kwamba kila aliyemo chumbani humu atakuwa katika kikosi kipya mwaka ujao. Babu yangu hakuwa mtu mbaya wala mtu mvivu, na hata hivyo aliachwa. Lakini injini za moshi zilikaa kazini mpaka miaka ya 1970, kwa hiyo watu wa zamani zake walikuwa na miaka mingi ya kufikiri. Sisi tuna miezi. Tukiitumia kubishana kama kompyuta ije au isije, itakwisha, nayo itakuja hata hivyo.

Jumatatu jioni, saa kumi na moja, baada ya zamu, dada yule wa kompyuta amekubali kuanza kutufundisha hapa hapa Bungoma, bila malipo, wakati kamati inaendelea kuyatafuta mafunzo yenyewe. Wa Kitale wataletewa siku yao watakapokubaliana. Mimi nitakuwa katika benchi la mbele, na mtakaponiona nakosea, mnicheke mimi kwanza, ili haya iwatoke.

Umoja ni nguvu.